Kukadiria uzito wa mtoto wakati wa dharura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya manesi, maafisa tabibu na wauguzi wa zamu katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Lindi na Mtwara, hasa kule ambako mtoto huletwa usiku kwa bodaboda na chumba cha dharura ni kitanda kimoja nyuma ya pazia. Dozi tulizozitaja ni zile za miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Kama ukutani kwenu pamebandikwa mwongozo wa Wizara wenye namba tofauti, fuata wa ukutani.

Kwa nini kilo? Si tungempa dozi kwa umri tu?

Kwa dawa za kumeza nyumbani, dozi ya umri huvumilika. Kwa mtoto mwenye degedege, sukari iliyoshuka au malaria kali, haivumiliki. Watoto wawili wa miaka 3 waliokaa benchi moja wanaweza kuwa na kilo 10 na kilo 17, na wote wawili wasionekane wagonjwa wa lishe kwa jicho la haraka. Ukiwapa dozi moja, mmoja anapungukiwa na mwingine anazidishiwa. Diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, ikizidi, pumzi inakata. Ikipungua, degedege linaendelea na unalazimika kurudia, ndipo dozi mbili zinapokutana mwilini.

Mizani ipo chumba cha kliniki, mtoto yuko chumba cha dharura. Nimpime au nikadirie?

Mpime, isipokuwa kumpima kutachelewesha hewa, oksijeni au kuzuia damu. Mara nyingi hakucheleweshi. Mama amembeba mtoto. Apande mizani ya kusimama naye, asome mwenzako, kisha mama apande peke yake baada ya mtoto kulazwa. Mama na mtoto kilo 70.1, mama peke yake 58.4, mtoto ni kilo 11.7. Haichukui dakika moja.

Kuna masharti mawili. Mizani iwe ya kielektroniki inayoonyesha gramu 100. Ile ya mshale yenye alama za kilo mojamoja ina kosa la nusu kilo au zaidi kila unapoisoma, na hapa unasoma mara mbili. Kwa mtoto wa kilo 8 hilo ni kosa kubwa kabla hujaanza hesabu. Pili, vitu vilivyomo mikononi mwa mama mara ya kwanza viwemo mara ya pili: kanga ya kubebea, pochi, simu. Kanga mbili zilizolowa mvua si gramu chache.

Usimning'inize mtoto aliyepoteza fahamu kwenye mizani ya kuning'iniza yenye suruali. Kichwa kinaanguka mbele, shingo inakunjika na njia ya hewa inaziba. Mizani hiyo ni ya mtoto anayeweza kushikilia kichwa chake mwenyewe.

Nitajuaje kama mizani yetu inasema kweli?

Dumu la maji. Lita 10 za maji ni kilo 10. Pima dumu tupu, andika, mimina lita 10 kwa chombo chenye alama za uhakika, pima tena. Tofauti ikizidi gramu 200, mizani iandikiwe ripoti, na kosa lake libandikwe juu yake mpaka itengenezwe. Fanya hivyo kila Jumatatu kabla ya kliniki, na kila mizani inapohamishwa. Ile ya kuning'iniza irudishwe kwenye sifuri huku suruali tupu ikiwa imening'inia. Ile ya kusimama iwekwe juu ya sakafu ngumu. Kwenye mkeka au udongo inadanganya.

Tumeulizwa pia kuhusu mizani ya chama cha msingi ya kupimia magunia ya korosho, kwa kuwa vijiji vingine ndiyo mizani pekee. Ile imetengenezwa kwa magunia. Kosa ambalo kwa gunia halionekani, kwa mtoto mchanga ni robo ya uzito wake. Iache.

Mama hajui kilo za mtoto. Nimuulize nini?

Ukimuuliza “ana kilo ngapi?” utajibiwa “sijui” na mlango utafungwa hapo. Uliza hivi: “Mama, kadi ya kliniki ipo? Alipimwa lini mara ya mwisho? Nesi alisema ameongezeka au amepungua?” Mama aliyepima mtoto wake mwezi uliopita mara nyingi anakumbuka kilo kuliko anavyodhani, na kumbukumbu hiyo, ikiwa ni ya karibuni, inashinda kanuni yoyote ya umri.

Kama aliyemleta ni bibi, na msimu wa korosho ndivyo inavyokuwa mara nyingi kwa sababu wazazi wako shambani, anza na shikamoo yako kisha uliza kadi ilipo. Nyingi hukaa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Mtu mmoja akaifuate au aipige picha aitume. Usimsubiri, anza na makadirio, kadi ikifika utarekebisha dozi zinazofuata.

Kadi ikiwa ya zamani, ongeza ukuaji wa tangu siku ile. Mtoto anayekua vizuri huongeza karibu gramu 300 kwa mwezi kati ya miezi 6 na 12, na karibu gramu 200 kwa mwezi katika mwaka wa pili. Lakini angalia kwanza mstari kwenye kadi. Kama vipimo vitatu vya mwisho vimelala au vimeshuka, usiongeze kitu: chukua kilo ya mwisho kama ilivyo.

Kanuni za umri ziko nyingi. Ipi itumike huku kwetu?

Hapa tuna msimamo, na sababu zake ni hizi.

Kanuni ya zamani, inayofundishwa vyuoni tangu miaka mingi, ni umri wa miaka jumlisha 4, zidisha mara 2. Mtoto wa miaka 3 ni kilo 14. Wa miaka 5 ni kilo 18. Baadaye Waingereza waliona watoto wao wamekuwa wazito kuliko kanuni hiyo, wakaigawa sehemu tatu: chini ya mwaka, nusu ya miezi jumlisha 4, mwaka 1 hadi 5, umri mara 2 jumlisha 8, miaka 6 hadi 12, umri mara 3 jumlisha 7.

Ukitazama vizuri, sehemu ya katikati ni ileile ya zamani iliyoandikwa kwa sura nyingine. Tofauti inaanza miaka 6, na ni kubwa:

Miaka 6: ya zamani inatoa kilo 20, mpya inatoa 25.
Miaka 8: ya zamani 24, mpya 31.
Miaka 10: ya zamani 28, mpya 37.

Sasa linganisha na chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa katikati wa miaka 6 ana kilo 20 na nusu hivi, wa miaka 8 ana 25, wa miaka 10 ana 31 hadi 32. Kanuni mpya inamzidishia mtoto wa miaka 6 kwa zaidi ya moja ya tano, na huyo ni mtoto wa katikati aliyeshiba, achilia mbali aliyedumaa. Ile ya Australia, ya umri mara 4 kuanzia miaka 5, inakwenda mbali zaidi: miaka 10 ni kilo 40. Kilo 40 kwa mtoto wa darasa la nne wa Nanyumbu?

Kwa hiyo: chini ya mwaka tumia nusu ya miezi jumlisha 4 (miezi 6 ni kilo 7, miezi 10 ni kilo 9). Kuanzia mwaka 1 hadi 10 tumia ile ya zamani. Na hata hiyo ni ya mwisho kwenye foleni, baada ya mizani, kadi na urefu. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 nayo huelekea kuzidisha, kwa sababu watoto wetu wengi wako chini ya mstari wa katikati wa chati.

Ukikuta bango ukutani lenye kanuni ya “mara 3 jumlisha 7”, libandue au liandike juu yake kwa kalamu nene kwamba halihusu watoto wa hapa. Mabango ya aina hiyo huja na semina na hukaa ukutani muda mrefu kuliko semina yenyewe.

Na umri wenyewe ukiwa haujulikani?

“Mwaka na kitu” si umri wa kuwekea hesabu. Tumia kalenda ya watu wenyewe. Alizaliwa kabla au baada ya Ramadhani ya mwaka jana? Korosho zilikuwa zinaokotwa, au ndiyo mikorosho inapuliziwa dawa? Embe zilikuwa zimeiva? Uvunaji wa korosho huanguka kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo jibu moja la namna hiyo linapunguza kosa la mwaka mzima kuwa miezi michache. Kosa la mwaka mmoja kwenye kanuni ni kilo 2, na kwa mtoto wa kilo 12 ni moja ya sita ya dozi.

Meno na kutembea visikusaidie sana. Mtoto mwenye utapiamlo huchelewa vyote viwili.

Utepe wa urefu wenye rangi unafanya kazi vipi?

Ule unaojulikana zaidi ni wa Broselow, uliobuniwa na daktari wa Marekani James Broselow katika miaka ya 1980. Wazo lake ni kwamba urefu hauongopi kama umri: unamlaza mtoto, unanyoosha utepe kando yake, na pale kisigino kinapofika pana rangi yenye kilo na dozi. Rangi zinakwenda hivi: kijivu kilo 3 hadi 5, waridi 6 hadi 7, nyekundu 8 hadi 9, zambarau 10 hadi 11, njano 12 hadi 14, nyeupe 15 hadi 18, bluu 19 hadi 23, machungwa 24 hadi 29, kijani 30 hadi 36. Mtoto mrefu kuliko utepe ahesabiwe dozi kama kijana.

Namna ya kupima:

Mlaze chali juu ya kitu kigumu, miguu imenyooka. Godoro laini linamkunja mgongo na kumfupisha.

Mwisho mwekundu wa utepe uwe kichwani. Watu huugeuza, na ukigeuka kila kitu kinageuka.

Shika mwisho huo kwa ubavu wa kiganja ukigusa utosi wenyewe. Nywele zilizosukwa mabutu, kofia na mtandio vinaongeza sentimita 2 au 3. Bonyeza mpaka ufike kwenye ngozi au pitisha utepe kando ya nywele.

Bonyeza goti taratibu linyooke. Kunja wayo uelekee juu kwa pembe mraba.

Soma kwenye kisigino. Kosa linaloongoza ni kusoma kwenye vidole, kwa kuwa mtoto aliyelegea wayo wake unanyooka. Linaweza kumrusha mtoto rangi nzima.

Kisigino kikiangukia mpakani, chukua rangi ndogo, hasa kwa mtoto asiye mnene.

Hatuna utepe huo, na bei yake haitupi matumaini.

Futi ya fundi cherehani inatosha. Ibandike ukingoni mwa kitanda cha dharura, sifuri ikianzia kwenye ubao wa kichwani, ifunike kwa selotepu pana ili iweze kufutwa na klorini. Kabla ya kubandika, ilinganishe na futi ya chuma ya seremala: za kitambaa hunyooka zikitumika sana, na iliyovutika inasoma pungufu.

Kisha andika kwa kalamu isiyofutika, kando ya sentimita, kilo za mtoto wa katikati kwa urefu huo. Takriban ni hivi: sentimita 60, kilo 6, 70, kilo 8, 80, kilo 10, 90, kilo 12 na nusu hadi 13, 100, kilo 15, 110, kilo 18, 120, kilo 22. Namba hizi zinakubaliana na chati za uzito kwa urefu ambazo mnazo tayari kwenye kona ya lishe, na ndizo mtakazochukua mkitaka kujaza nafasi za katikati. Gharama ni futi moja na dakika 20. Inashangaza ni vitanda vingapi havina.

Watoto wengi huku wamedumaa. Urefu hautatupotosha?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Udumavu ni ufupi kwa umri. Ukondefu ni wembamba kwa urefu. Mtoto aliyedumaa kwa kawaida uzito wake unaendana na urefu wake. Kisichoendana ni umri. Kwa hiyo udumavu unaharibu kanuni ya umri na kuuacha utepe salama.

Mtoto wa miaka 4 mwenye sentimita 92: kanuni inasema kilo 16, utepe unasema kilo 13. Tofauti hiyo ni karibu robo ya uzito wake wa kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takriban watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa, na 3 tu kati ya 100 wamekonda. Kwa maneno mengine, kanuni ya umri inakosea kwa watoto wengi, utepe kwa wachache, na hao wachache unaweza kuwatambua kwa macho ukimvua mtoto nguo.

Basi aliyekonda nimfanyeje?

Mvue. Tazama mbavu, makalio na mikono. Mbavu zikihesabika na ngozi ya makalio ikining'inia kama suruali kubwa, shuka rangi moja. Mtoto aliyekonda kiasi cha kuingia kundi la utapiamlo huwa pungufu kwa karibu moja ya sita ya uzito wa wenzake wa urefu huohuo, na hatua moja ya rangi inakaribia hapo. Utepe wa PAWPER kutoka Afrika Kusini umejengwa juu ya wazo hili: unapima urefu, kisha unampa mtoto alama ya umbo, na kilo inatoka kwa vyote viwili. Ukiupata, ndio tunaoupenda zaidi kwa mazingira yetu.

Mtoto aliyevimba miguu ni habari nyingine. Mizani inapima na maji yaliyokusanyika mwilini, kwa hiyo kilo inayosoma ni kubwa kuliko mtoto mwenyewe. Ndiyo sababu maziwa ya F-75, yale ya tiba ya utapiamlo mkali, kwa aliyevimba sana huanza na mililita 100 kwa kilo kwa siku badala ya 130.

Mtoto mnene yupo pia, hasa mjini. Mpime kwa urefu, usipande rangi kwa adrenalini na maji ya dripu. Dawa hizo zinafuata mwili wenyewe zaidi kuliko mafuta.

Aliyeharisha mpaka macho yakazama amepoteza labda moja ya kumi ya uzito wake kwa maji. Tumia kilo inayosomeka sasa, mpime tena akishajaa maji.

Utepe wa mkono (MUAC) unaweza kutupa kilo?

Kwa mtoto wa shule, ndiyo, kwa kubahatisha kuzuri: mzunguko wa mkono kwa sentimita, toa 10, zidisha mara 3. Mkono wa sentimita 17 ni kilo 21. Kanuni hiyo ilitokana na watoto wa Hong Kong na inafaa kuanzia miaka 6 hivi. Kwa wadogo inaanguka: mkono wa sentimita 13 ungempa kilo 9 mtoto wa miaka 3 na wa miezi 8 kwa pamoja.

Kwa wa chini ya miaka 5 kazi ya utepe huo ni ileile ya siku zote. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na hilo linabadilisha maji utakayompa hata kama kilo umeipata sawa.

Mtoto mchanga?

Hana kanuni. Njiti wa kilo 1.4 na mwenzake wa kilo 3.8 wana umri uleule wa siku 2. Apimwe kwenye mizani ya watoto wachanga, kitambaa kikiwa kimeondolewa kwenye hesabu. Kama hakuna namna, chukua uzito wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kadi. Wiki ya kwanza mchanga hupungua kidogo kisha hurudi, lakini kwa dozi, uzito wa kuzaliwa unatosha mpaka atakapoupita.

Kosa la kiasi gani linavumilika?

Watafiti wa fani hii huikubali njia ikiwa watoto 70 kati ya 100 wanaangukia ndani ya asilimia 10 ya uzito wa kweli, na 95 ndani ya asilimia 20. Kanuni za umri hazifiki hapo karibu popote zilipojaribiwa. Jicho la daktari pia halifiki, hata la miaka 30 kazini.

Tupeni mfano wa hesabu kamili.

Usiku, mtoto ana degedege, ana homa, kipimo cha malaria kimesoma ndiyo. Futi ya kitandani: sentimita 89, umbo la kawaida. Mmoja aseme kwa sauti: “Kilo 12.” Mwingine arudie: “Kilo 12”, aiandike kwenye plasta ibandikwe kifuani. Kuanzia hapo hakuna anayekadiria upya mpaka mizani iseme.

Diazepamu kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo. Ampuli ya miligramu 10 kwa mililita 2 maana yake ni mililita 0.1 kwa kilo: 12 × 0.1 = mililita 1.2. Tumia bomba dogo lisilo na sindano, ingiza sentimita 4 hadi 5, kisha bana makalio pamoja dakika chache, la sivyo dawa inarudi kwenye kitambaa na utadhani haikufanya kazi.

Sukari iliyoshuka: dekstrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, yaani mililita 60. Mkiwa na ya asilimia 50 tu, sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji ya sindano: mililita 12 na maji 48. Ile ya 50 isiingie kwenye mshipa wa mtoto bila kuchanganywa. Inaunguza mshipa na ikivuja inakula nyama.

Artesuneti, sindano ya malaria kali: chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, kuanzia kilo 20 ni 2.4. Kwa kilo 12 ni miligramu 36. Chupa ya miligramu 60 iliyochanganywa na mililita 1 ya baikaboneti, kisha mililita 5 za kimiminika kwa ajili ya mshipa, inatoa miligramu 10 kwa kila mililita, hivyo mililita 3.6. Kwa msuli unaongeza mililita 2 badala ya 5, inakuwa miligramu 20 kwa mililita, hivyo 1.8. Chupa za aina mpya zina kimumunyisho kimoja. Soma karatasi yake kwanza. Inarudiwa baada ya saa 12 na baada ya saa 24 tangu dozi ya kwanza, kisha mara moja kila siku.

Angalia mpaka wa kilo 20. Mtoto wa kilo 19 anapata miligramu 57, wa kilo 21 anapata karibu 50. Wengi hudhani wamekosea hesabu wakaanza upya. Hawajakosea: wadogo huitoa dawa hii mwilini haraka zaidi.

Na maji ya dripu?

Hapa makadirio ya juu yanaumiza kuliko kwenye dawa nyingi. Utafiti wa FEAST, uliotangazwa 2011, ulifuata watoto 3,141 wenye homa na mzunguko hafifu wa damu katika Kenya, Uganda na Tanzania. Waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi: karibu 10.6 kati ya 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa waliopewa ya kawaida tu. Kwa hiyo mtoto mwenye dalili zote tatu za shoki (mikono ya baridi, damu inayochukua zaidi ya sekunde 3 kurudi kwenye kucha, mapigo dhaifu ya haraka) hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, huku akitazamwa. Ukimzidishia kilo 4 kwenye makadirio, umerudi kwenye kosa lilelile kwa mlango wa nyuma. Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake na hahusiki na namba hizi.

Aliyekauka vibaya kwa kuharisha ni tofauti, yeye anahitaji maji kweli: dripu ya Ringer, mililita 100 kwa kilo. Chini ya mwaka, 30 kwa saa 1 kisha 70 kwa saa 5. Mkubwa zaidi, 30 kwa nusu saa kisha 70 kwa saa 2 na nusu. Mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8: mililita 240 saa ya kwanza, ambayo kwa seti ya matone 20 kwa mililita ni matone 80 kwa dakika, kisha mililita 560, karibu matone 37.

Tumehangaika na kilo, bado dozi ikakosewa. Kosa liko wapi?

Kwenye nukta. Makadirio mabaya ya uzito hukosea kwa theluthi. Nukta hukosea mara 10. Adrenalini ndiyo mfano wa kila chuo: moyo ukisimama, mtoto anapata mililita 0.1 kwa kilo ya ile iliyochanganywa, yaani ampuli ya mililita 1 iliyoongezwa maji mpaka 10. Kilo 10 ni mililita 1. Mtu akivuta mililita 1 moja kwa moja kutoka kwenye ampuli, ametoa dozi ya watoto kumi.

Dawa ivutwe na mmoja, isomwe na mwingine kwa mililita na kwa miligramu, zote mbili. Bomba lilingane na dozi: mililita 0.6 kwenye bomba la mililita 10 ni kubahatisha. Na ukipata dozi inayohitaji ampuli zaidi ya moja au mbili kwa mtoto, simama urudie hesabu.

Kijana wa kilo 45 naye ahesabiwe kwa kilo?

Hesabu, lakini dozi isipite ya mtu mzima. Diazepamu miligramu 10, adrenalini ya msuli kwa mzio miligramu 0.5, ya moyo uliosimama miligramu 1, parasetamoli gramu 1.

Programu ya simu?

Nzuri mpaka chaji iishe. Iwe na karatasi iliyopigwa plastiki pembeni, yenye kilo 3 hadi 30 na mililita (siyo miligramu tu) za dawa mlizonazo kabatini. Nguvu ya dawa ikibadilika kwa shehena mpya, karatasi ibadilishwe siku hiyohiyo.

Mtoto anakwenda rufaa hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda. Niandike nini?

Andika kilo na ulivyoipata: “kilo 12, kwa urefu sentimita 89”, au “kilo 11.7, mizani”, au “kilo 14, kwa umri, kadi haipo”. Anayepokea akiona “kwa umri” atajua apime upya kabla ya dozi ya pili. Andika pia kila dawa kwa miligramu, njia na saa. Ile plasta ya kifuani usiibandue. Mpe na mama kadi mkononi, isibaki mezani kwako.